Nilimshikia Rozari, Sasa Naombwa Nimzungumzie

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 46, ni Mwislamu, nauza vitumbua hapa Bagamoyo. Shoga yangu alikuwa Mkatoliki hasa, mtu wa misa za asubuhi, na kikao cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, hakikosi. Milango yetu ilitazamana miaka 19. Mwaka jana saratani ya mlango wa kizazi ikamchukua. Zahanati moja ilimpa dawa za UTI mara tatu kabla hatujafika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na huko nikawa naye kwenye mionzi na dripu. Dawa za ile dripu zilimtia ganzi vidole, akawa hazihisi punje za rozari. Akaniomba nimshikie: yeye anasali, mimi nasogeza. Sasa familia inaandaa misa ya mwaka na wanataka niseme machache. Kila mtu anasema hakutetereka hata siku moja. Lakini mimi nilikuwepo ile Ijumaa usiku alipokatisha sala akasema, "Mungu kanisahau." Alinyamaza sana. Kisha akaniuliza, "Tulikuwa wapi?" Nikamwambia, punje ya saba. Je, nikisema haya nitamwaibisha? Na mimi Mwislamu nitasimamaje kanisani?*
*Jirani, Bagamoyo*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Pole ya kwako wewe, maana nadhani wengi walipita mbele yako wakaenda kuwapa pole ndugu zake, wakakuacha jikoni unapakua pilau.

Nianze na hilo la kumwaibisha, ndilo linalokunyima usingizi. Mimi nimelelewa na bibi Mkatoliki, rozari naijua. Ijumaa husaliwa Matendo ya Uchungu, na tendo la kwanza ni Yesu bustanini usiku, jasho linamtoka kama damu, anaomba kikombe kile kimwepuke. Siku ya pili yake, msalabani, akalia: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Ni maneno ya Zaburi ya 22, na kila Jumapili ya Matawi kanisa zima huyaimba. Shoga yako ameyaimba maisha yake yote. Usiku ule, mwili ukiwa umechoka na vidole havina hisia, yalimtoka kwa Kiswahili cha nyumbani. Sioni aibu hapo. Anayesema Mungu kamsahau bado anamhesabu Mungu kuwa ni wa kumkumbuka.

Nikueleze kosa langu. Miaka ya nyuma nilimzika rafiki wa namna hiyo hiyo, saratani ya titi. Nikasimama makaburini nikasema hakulalamika hata mara moja. Si kweli, alilalamika, na alinililia mimi. Watu wakaitikia amina, nikajiona nimemtendea haki. Baada ya wiki mbili binti mmoja akaja kwangu, naye ameanza matibabu ya ugonjwa ule ule. Akaniambia, "Mama, mimi basi imani yangu ni ndogo, maana nalia kila usiku." Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimempandishia mgonjwa ngazi asiyoiweza, na aliyepewa sifa zile hakuwahi kuipanda.

Kwenye misa ya shoga yako atakuwepo mwanamke kama yule binti. Simjui, wala wewe humjui, lakini ninaamini atakuwepo.

Hata hivyo, siri ile ni ya nyumba ya watu pia. Kabla ya siku yenyewe mwite mwanawe mkubwa, au dada yake, mkae wawili tu umweleze yote. Akikataa, mheshimu, useme lile la rozari peke yake, nalo linatosha. Mwulize pia kama wako tayari jina la ugonjwa litajwe. Saratani hii watu huisemea chinichini kama vile mgonjwa kajitakia, na familia nyingine huificha. Wakikubali, litaje. Husababishwa na virusi vya HPV, vinavyowapata watu wengi mno, wakiwemo wake waliotulia na mume mmoja tangu harusi.

Na wewe, umeandika barua ndefu nisiyoweza kuichapa yote, na hakuna mahali umesema umepima. Una miaka 46. Nenda kituo cha afya uombe uchunguzi wa mlango wa kizazi. Wanapaka siki, wanatazama, majibu unapewa papo hapo. Wakiona dalili za awali wanaweza kuzitibu kabla hazijawa saratani. Hedhi isiyoeleweka, damu baada ya tendo la ndoa, uchafu wenye harufu usiosikia dawa: mtu asikubali kupewa dawa za UTI mara ya tatu bila kuchunguzwa. Kama una mabinti au wajukuu wa kike wa miaka 9 hadi 14, chanjo ya HPV ipo nchini tangu 2018, wapeleke. Nina hasira na zile wiki zilizopotea pale zahanati, sikufichi.

Kuhusu kusimama kanisani, mambo ya dini yako kamwulize shehe unayemwamini; mimi si wa kukutolea fatwa. Lakini si lazima usimamie altareni. Misa ikiisha watu watarudi nyumbani kula, na hapo uwanjani, mkekani, ndipo wengi wetu husemea yaliyo moyoni. Ongea hapo. Kwa Bagamoyo hutakuwa kioja. Misheni ipo pale tangu 1868, adhana na kengele zimezoeana siku nyingi, na misibani kwenu sijaona mtu akiulizwa dini kabla ya kushika mwiko.

Usiandike hotuba. Usitafute maneno ya kanisani ambayo si yako, wala usijaribu kueleza kwa nini Mungu hakumponya mtu aliyesali vile. Hata padri wake nadhani hatathubutu. Waambie ulikaa upande gani wa kitanda. Waambie rozari ilikuwa ya rangi gani, ya mbao au ya plastiki, na uliishikaje wewe usiyejua sala zake, ukawa unasikiliza anapofika "amina" ndipo usogeze. Waambie aliyoyasema Ijumaa ile, na urefu wa ule ukimya. Kisha waambie alivyouliza mlikuwa wapi, na kwamba ulikuwa na jibu, kwa sababu muda wote ule hukuwa umeondoa kidole kwenye punje ya saba.