Wakala Akikupunguzia Mshahara Mlioahidiana, Hesabu Siku Zako

Kama umeajiriwa kupitia wakala na mshahara wa kwanza umeingia pungufu, tazama kalenda kabla hujapiga simu kugombana na mtu. Hapa Tanzania Bara, mgogoro wa mshahara unatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Madai ya kuachishwa kazi yana siku 30 tu. Siku hizo huliwa na maneno matamu: "Vumilia, mwezi ujao tutarekebisha." Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utalazimika kueleza sababu ya msingi, na hiyo ni kesi kabla ya kesi.

Mimi na wenzangu tulipelekwa na wakala kwenye ghala moja kandokando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Ujumbe wa WhatsApp ulisema shilingi 450,000 kwa mwezi. Tumeshaanza kazi, wengine wameshahamia vyumba vya karibu, ndipo zikaletwa karatasi za kusaini zenye 360,000. Tukaambiwa mteja amepunguza bajeti. Wengi walisaini pale pale getini kwa sababu supavaiza alisema asiyetaka awapishe wengine.

Bajeti ya mteja ni mambo ya wakala na mteja wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi masharti ya kazi yako, mshahara ukiwemo. Akitaka kubadilisha lolote kati ya hayo, ashauriane na wewe, kisha akujulishe mabadiliko kwa maandishi. Kusukumiwa karatasi getini na kutishiwa nafasi yako si kushauriana, hata kama karatasi ina mhuri.

Kifungu hichohicho kina jambo ambalo natamani kila kibarua wa ghala alijue. Shauri likifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au masharti yaliyoandikwa, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unakuwa wake. Nimeona watu wakikata tamaa na kurudi nyumbani kwa sababu tu hawakupewa mkataba, wakidhani kukosa karatasi ni kukosa haki. Na ule ujumbe wa WhatsApp usiufute: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo kupokelewa.

Ila kwanza uwe na uhakika kwamba umepunjwa. Uliza kama kiasi ulichoahidiwa ni kabla au baada ya makato. Mfanyakazi wa sekta binafsi kwa kawaida hukatwa asilimia 10 ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, kisha kodi ya mapato kwa kinachozidi 270,000. Kwa hiyo mtu wa 450,000 kupokea chini ya 400,000 mkononi si wizi. Sisi tulishushiwa mshahara wenyewe, kabla ya makato. Dai maelezo ya maandishi ya malipo yako, yaonyeshe kila kilichokatwa na sababu yake. Ni haki yako chini ya kifungu cha 27. Makato ya "sare" au "gharama za ofisi" ambayo hukuyakubali kwa maandishi na hayamo kwenye sheria yoyote, yahoji.

Kuhusu kusaini: omba kwenda na karatasi nyumbani. Wakikataa na huna namna, ipige picha, na siku hiyohiyo mwandikie wakala: "Nimesaini karatasi ya 360,000, lakini sikubali mabadiliko haya. Tulikubaliana 450,000." Ujumbe huo haukuhakikishii ushindi, lakini hakuna atakayesema baadaye kwamba uliridhia kimya kimya.

CMA utajaza Fomu Namba 1. Nakala umpelekee unayemlalamikia na ubaki na uthibitisho kwamba ameipokea, kwa sababu utauambatanisha unapofungua shauri. Hapa mawakala hupenda kurushiana mpira: wakala anasema mwajiri ni mwenye ghala, mwenye ghala anasema hawajui. Andika majina ya wote wawili, na ueleze nani anakupangia zamu, nani anakulipa, nani anaweza kukufukuza. Huhitaji wakili kufika pale. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, na mkishindwana shauri linakwenda kwa mwamuzi.

Kwetu liliishia kwenye usuluhishi. Wakala alikubali kulipa tofauti ya miezi iliyopita na kurudisha kiwango cha awali kwa waliofungua shauri. Wenzetu waliobaki nje wakisubiri kuona sisi tutapata nini hawakuwemo kwenye makubaliano yale, na baadhi yao siku zao 60 zilikuwa zimekwisha. Kwa hiyo mkiwa kundi, kusanyeni majina na sahihi za kila mmoja kabla ya kupeleka fomu, hata za wale wa zamu ya usiku msioonana nao.