Sinodi hupitisha au hupendekeza?

SWALI: Gazeti moja liliandika kwamba "Sinodi ya Maaskofu imepitisha mabadiliko katika Kanisa Katoliki", na jingine, likieleza tukio lilelile, likauita mkutano huo "mtaguso". Je, maneno haya mawili ni visawe, na kitenzi "kupitisha" kinafaa hapo?

JIBU: Si visawe, ingawa kwa maoni yangu kosa la kitenzi ndilo linalopotosha zaidi.

Wakatoliki wanapotaja mtaguso mkuu, wanakusudia mkutano wa maaskofu wa ulimwengu mzima wenye mamlaka ya kuamua pamoja na Papa. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, uliofunguliwa na Yohane XXIII mwaka 1962 na kufungwa na Paulo VI mwaka 1965, ulitoa hati 16, na humo ndimo ilimotoka ruhusa ya kupanua matumizi ya lugha za wenyeji katika Misa. Kwa hiyo mtu akiandika kwamba mtaguso "umeamua" au "umeagiza", hakosei, ilimradi akumbuke kwamba maamuzi hayo hayana nguvu ya sheria mpaka Papa ayathibitishe.

Sinodi ya Maaskofu ni chombo kingine, kilichoundwa na Paulo VI Septemba 1965, Mtaguso ukiwa unaelekea ukingoni. Kanuni ya 343 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inaipa kazi ya kujadili na kushauri, wala si ya kuamua, isipokuwa Papa mwenyewe aikabidhi mamlaka hayo. Oktoba 2019, katika Sinodi iliyohusu Amazonia, kura 128 dhidi ya 41 ziliunga mkono aya iliyopendekeza kwamba mashemasi wa kudumu (wahudumu wa daraja lililo chini ya upadre, ambao kwa kawaida hawaendelei kuwa mapadre) wenye familia wapewe upadre katika maeneo ya mbali kabisa ya ukanda huo. Aliyeandika siku ile kwamba Sinodi "imeruhusu mapadre waliooa" aliumbuka Februari 2020, kwa kuwa wosia wa kitume wa Papa Fransisko, yaani waraka wake rasmi baada ya Sinodi hiyo, ulitoka bila ruhusa hiyo. "Imependekeza" lingemsitiri.

Hata hivyo, "kupitisha" si neno la kufutwa moja kwa moja, kwani yambwa, yaani kile kinachopitishwa, ndiyo inayoamua. Wajumbe hupiga kura juu ya kila aya, hivyo ni sahihi kusema kwamba Sinodi "imepitisha hati". Kisichofaa ni "imepitisha mabadiliko" au "imepitisha sheria". Mwaka 2024 Papa Fransisko aliikubali hati ya mwisho ya Sinodi ya mwaka huo kama ilivyopigiwa kura, akaagiza ichapishwe bila kuandika wosia wake, lakini hata hapo nguvu ya hati ilitokana na idhini yake.

Nadhani mkanganyiko huu unachangiwa na Waanglikana, ambao sinodi zao hutunga sheria kwelikweli: Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza ilipitisha mwaka 2014 kwamba wanawake waweze kuwa maaskofu, na hapo kitenzi hicho kimekaa mahali pake. Anayehamisha lugha hiyo kwa Wakatoliki huwa amehamisha pia mamlaka ambayo hayapo.

Sentensi ya gazeti lako, basi, ingesomeka hivi: "Sinodi ya Maaskofu imepitisha hati inayopendekeza mabadiliko katika Kanisa Katoliki."