Maswali na Majibu: Madeni, Maradhi na Kitanda cha Wanandoa

Barua nne zifuatazo zinatoka katika nyumba tofauti, lakini wote walioziandika wanashukiwa, au wanajishuku wenyewe, kwamba mapenzi yamekwisha. Nimezifupisha na kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha mwandishi.

*Mwaka jana nilichukua mkopo wa kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, nilipie ada ya mtoto, kisha nikachukua mwingine kulipa ule wa kwanza. Mume wangu hajui. Usiku akinigusa mwili unakuwa kama gogo, naye ameanza kuniuliza kama nina mwanamume mwingine. (Morogoro)*

Dada yangu, hofu ya kudumu huuweka mwili katika tahadhari: moyo huenda mbio, misuli hukaza, usingizi hukatika, na hamu ya tendo la ndoa, ambayo humhitaji mtu aliyetulia, huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuondoka. Huwezi kuilazimisha irudi wakati simu uliyoilalia chini ya mto inatetemeka kukukumbusha rejesho la kesho. Mumeo, kwa upande wake, anamwona mke anayegeukia ukutani na kuficha simu, na kwa ushahidi huo ni wanaume wachache wasingefikia dhana aliyoifikia yeye.

Mwambie, lakini si usiku wala kitandani. Tafuteni mchana mmoja mkiwa wawili, nawe uwe umeandika kwenye karatasi nani anadai, kiasi gani, na siku ya kila rejesho. Ukisema tu kwamba una "madeni kidogo", kila mdai atakayejitokeza baadaye atamfanya ahisi kwamba amedanganywa upya, na hilo huumiza kuliko deni lenyewe. Kama unahofia kupigwa, mazungumzo yafanyike mbele ya mtu anayemheshimu, kwa mfano mshenga wenu, au uanzie kwa afisa ustawi wa jamii. Usichukue mkopo wa tatu. Ulizia pia kama waliokukopesha wana leseni, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe nayo, na wengi wanaobisha hodi kwa vitisho hawapendi kabisa kuulizwa swali hilo. Hamu inaweza kuchelewa kurudi hata baada ya kusema yote. Mwombe mumeo subira kwa uwazi, badala ya kujilazimisha ili kumwondolea shaka.

*Nina kisukari kwa muda mrefu na sasa nguvu za kiume zimeniisha. Marafiki wananishauri supu ya pweza na vumbi la Kongo. Mke wangu anasema nina nyumba ndogo. (Tanga)*

Shikamoo mzee wangu. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu na neva, na uume hauwezi kusimama bila vyote viwili kufanya kazi. Supu ya pweza ni chakula kizuri, wala sina ugomvi na wanaoiuza, ila haifufui neva. Vumbi ndilo linalonitia wasiwasi, kwa sababu baadhi ya dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa kimyakimya na sildenafil, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, ambayo ikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti hushusha presha ghafla kiasi cha kuua. Mweleze daktari wa kliniki yako bila kuzunguka. Atapima sukari, presha na moyo pia, kwa kuwa tatizo hili huweza kutangulia maradhi ya moyo. Na kama ni dawa ya presha inayochangia, ataibadilisha yeye, usiiache mwenyewe. Nenda na mama. Maelezo ya daktari yatamtoa shaka kuliko viapo vyako.

*Mke wangu amemaliza tiba ya mionzi Ocean Road kwa saratani ya mlango wa kizazi. Nalala sebuleni ili apumzike, na kusema kweli naogopa kuambukizwa au kudhuriwa na mionzi. Usiku namsikia analia. (Dar es Salaam)*

Saratani haiambukizwi kwa kulala pamoja, na tiba hiyo ikishamalizika mionzi haibaki mwilini mwake ikakudhuru. Kirusi cha HPV, ambacho ndicho chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, ndicho huenezwa kwa kujamiiana. Lakini watu wengi hukipata bila kujua, nacho huweza kukaa miaka mingi kabla ya kuleta madhara, kwa hiyo msitafute nani alimkosea nani. Mionzi hukausha uke na huweza kuusinyaza. Aulize kliniki lini mnaweza kuanza tena, na kuhusu vilainishi vya maji na vifaa vya kuuzuia usizibe. Damu ikitoka baada ya tendo, arudi kupimwa. Hayo ni ya baadaye. Leo rudi chumbani, ndugu yangu, kwa maana sebule uliyoichagua kwa huruma, yeye huenda anaisoma kuwa ni kinyaa.

*Mume wangu alipata kiharusi. Namlisha, namwogesha, nambadilisha nepi. Akidai haki yake ya ndoa nakereka, halafu naona nimetenda dhambi. (Mombasa)*

Hujatenda dhambi, mama. Ni vigumu mikono iliyosafisha choo saa kumi na mbili jioni iwe ya mke saa nne usiku. Omba kaka yake au kijana wa kiume katika ukoo ashike zamu ya kumwogesha, hata mara chache kwa wiki, ili uwepo muda unaoingia chumbani bila beseni. Una haki ya kusema "si leo", na ukisema, kaa naye, mshike mkono, mzungumze mambo yasiyo ya dawa. Kabla ya kurejea tendo lenyewe, daktari athibitishe kwamba presha yake imetulia, na amchunguze kama ana sonona, ambayo huwapata wengi baada ya kiharusi. Nawe pia, kama kwa zaidi ya wiki mbili huna raha ya chochote na usingizi umepotea, jiandikishe uonwe siku hiyohiyo mnayompeleka yeye.