Bunduki ya .22 kwa pesa ya wastani: lipia mtutu, triga na risasi

Bunduki ya kwanza niliyonunua hapa Minnesota, Marekani, niliichagua kwa macho. Ilikuwa nyeusi tii, imevishwa plastiki ikafanana na za jeshini, magazini yake inameza risasi 25, na bei yake ilikuwa chini. Miezi minne baadaye niliiuza kwa hasara. Nikiwa nimeketi, mtutu umelazwa juu ya mto, kwa yadi 50 matundu yangu matano yalitawanyika upana wa mdomo wa kikombe cha chai. Nilikuwa nataka kuwinda kindi, na kichwa cha kindi hakizidi upana wa vidole viwili vitatu. Nilijilaumu mimi, nikadhani mkono wangu hautulii. Kumbe shida kubwa ilikuwa ile triga, yaani kile kidude cha kufyatulia, nzito na yenye mikwaruzo, iliyosogeza bunduki nzima kila nilipoivuta.

Nimekulia kijijini, mkoa wa Ruvuma, na babu yangu alikuwa na gobore la kulindia mahindi dhidi ya nguruwe pori. Gobore unalishindilia baruti kwa mdomoni, unafyatua mara moja, basi. Kwa hiyo babu hakufyatua mpaka awe na uhakika. Nilipoanza kwenda msituni na mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa huku, nilikuta naye ana tabia ile ile ya babu: risasi moja, mnyama mmoja, na kama huna hakika unamwacha apite. Hapo ndipo nilipojua kwamba risasi 25 kwenye magazini si kitu nilichokuwa nakihitaji.

Niseme kwanza jinsi risasi hii ilivyo, maana ushauri wote unatokea hapo. Risasi ya .22 Long Rifle (namba hiyo ni upana wake, kwa inchi) imekuwepo tangu 1887, na tofauti yake na risasi kubwa iko kitakoni. Risasi kubwa ina fataki yake, ile inayowasha baruti, katikati, kidude cha peke yake kinachobadilishwa. Hii ya .22 fataki yake imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki huuponda ukingo huo. Ndiyo maana Wamarekani wanaiita rimfaya. Ukishaipiga, ganda limekwisha kazi, halijazwi tena. Mwenye bunduki kubwa anaweza kukaa nyumbani akapima baruti yake mwenyewe mpaka apate mchanganyiko ambao mtutu wake unaupenda. Wewe wa .22 utakula kilichopikwa kiwandani. Na kila mtutu una ulimi wake: risasi inayomfaa jirani yako inaweza kukuangusha wewe, hata kama bunduki zenu ni za aina moja.

Ndiyo maana nasema: ukiwa na dola 900, usinunue bunduki ya dola 900. Mara ya pili mimi niligawa hivi: 500 na kidogo kwa bunduki, kama 200 kwa darubini na vishikizi vyake, zilizobaki zote kwenye risasi. Wengi huifikiria darubini wakiwa wameshamaliza pesa, na risasi wanachukua yoyote iliyo karibu na kaunta. Halafu wanailaumu bunduki.

Sasa bunduki yenyewe. Kwa kulenga kwa makini, shauri langu ni ya boliti, ile unayovuta na kusukuma kwa mkono kila baada ya mlio. Zinazojipakia zenyewe zina raha yake, na Ruger 10/22, iliyoanza kuuzwa 1964, ni bunduki imara ambayo vipuri vyake vimejaa kila mahali. Ila kwa bei moja, ya boliti kwa kawaida hukupa usahihi zaidi, na inakufundisha utulivu. Ukikosa, huna risasi ya pili ya haraka ya kukufariji.

Katika pesa ya wastani nilizishika tatu nne kabla ya kuamua. Savage Mark II ndiyo ya bei ya chini kabisa ambayo ningemshauri mtu bila wasiwasi. Mbao au plastiki yake si ya kujivunia, lakini zile zenye AccuTrigger zina triga nyepesi unayoweza kuirekebisha mwenyewe, na mitutu yake mingi inapiga vizuri kuliko bei inavyosema. Ruger American ya .22 inatumia magazini zilezile za 10/22, jambo la maana kama nyumbani tayari mnayo hiyo. Ukipanda kidogo unakutana na mbili ambazo kwangu mimi ndizo kilele cha pesa ya wastani: Tikka T1x ya Ufini, na CZ 457 ya Jamhuri ya Cheki. Boliti ya Tikka inateleza kama imepakwa samli. Ningeinunua hiyo kama kitako chake kingenikaa.

Nilichukua CZ, na nakiri moyo ulichangia. Inatengenezwa Uherský Brod, kiwanda kilekile kilichotoa zile bunduki kubwa zenye chapa ya Brno, ambazo wawindaji wa kwetu wanazijua vizuri. Lakini sababu za akili zipo pia. Triga ya 457 inarekebishika kwa uzito na kwa urefu wa mvuto. Mtutu wake umeshikwa kwa skrubu, unaweza kubadilishwa nyumbani. Na kizuizi cha usalama kinasukumwa mbele ili kufyatua, kama bunduki nyingine nyingi. Hili la mwisho lisikupite ukinunua CZ iliyotumika: mtangulizi wake 452, na 455 pia, kizuizi chao ni kinyume, ukikivuta nyuma ndipo bunduki iko tayari kufyatua. Ni bunduki nzuri mno hizo, na 452 iliyotunzwa ni mali. Ila kama una nyingine nyumbani yenye mpangilio wa kawaida, mkono wako utachanganya siku moja, na siku hiyo ndiyo mbaya.

Dukani, kabla ya kutazama bei, fanya haya. Omba ruhusa, hakikisha haina risasi, wewe mwenyewe na muuzaji, kwa macho na kwa kidole. Fumba macho, iweke begani, kisha fumbua. Kama jicho halijaangukia pale darubini itakapokaa, kitako hakikufai, na hakuna mtutu utakaokuokoa. Mimi ni mfupi. Vitako vingi vimekatwa kwa wanaume warefu wa huku, nikajikuta nanyoosha shingo kama twiga. Ukiwa na mtoto unayemfundisha, tafuta zenye kitako kifupi, kama CZ 457 Scout, usimbebeshe bunduki ya mtu mzima.

Kisha vuta boliti pole pole mara kumi. Sikiliza. Isikwame njiani, isiyumbe sana kando. Triga usiivute bila kuuliza, kwa sababu kwenye baadhi ya bunduki za .22, hasa za zamani, pini ikikosa ganda inaweza kugonga ukingo wa chemba, pale risasi inapokaa, na kuacha kovu, na kovu hilo baadaye linakwamisha maganda. Nyumbani nafanyia mazoezi na vile vizibo vya plastiki vya kufungia skrubu ukutani, vinaingia kwenye chemba kana kwamba vimetengenezewa humo. Bei yake ni senti chache.

Urefu wa mtutu usikusumbue. Baruti ya .22 ni ndogo, na kufikia inchi 16 hivi imeshamaliza kazi. Mtutu wa inchi 24 ni mzuri kwa uzani na kwa utulivu wa mkono, haukuongezei usahihi wenyewe. Anayetembea msituni atashukuru kwa mfupi. Kilicho cha maana ni mdomo wake: tazama kwa tochi kama pale risasi inapotokea pamechubuka, kwa sababu hapo ndipo mahali pa mwisho kuigusa. Bunduki nyingi za .22 zilizotumika hazikuuawa na risasi. Zimeuawa na fimbo ya chuma ya kusafishia, iliyopitishwa kwa mdomoni miaka na miaka.

Darubini ilinipa somo la pekee. Niliazima ya bunduki kubwa, ya bei mbaya, nikaifunga kwa furaha. Kwa yadi 50, nikisogeza jicho kidogo tu kushoto, msalaba wa kulengea nao unahama juu ya shabaha, ingawa bunduki haijatikisika. Darubini nyingi za bunduki kubwa zimepangwa ziwe sawa kwa yadi 100 au 150. Za .22 hupangwa kwa yadi 50, au huwa na kirekebisho unachokizungusha mwenyewe. Uliza neno hilo hilo dukani: imepangwa kwa yadi ngapi? Mimi nilimalizia na ndogo ya kukuza mara 2 hadi 7, iliyopangwa kwa yadi 50, na sijawahi kutaka zaidi msituni. Kosa jingine lilikuwa vishikizi. Mgongo wa CZ una mfuo wa milimita 11, mwembamba, na mimi nilinunua vya reli pana. Nikaendesha gari dakika arobaini kuvirudisha, theluji inamwagika. Pima kwanza.

Jambo la sheria nalitaja kwa uzito, hasa kwa ndugu zangu wageni. Kwa sheria ya shirikisho hapa Marekani, mwenye viza ya muda, awe mwanafunzi au mtalii, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki, hata hii ndogo. Ziko tofauti chache, mojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Dukani utajaza fomu ya 4473, ile ya serikali ya kununulia bunduki, na uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai linaloweza kukutoa nchini. Kama hali yako ya uhamiaji ina utata wowote, mlipe mwanasheria saa moja kabla hujagusa kaunta. Juu ya hapo kila jimbo lina yake. Minnesota, yeyote aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1979 lazima awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha ndipo apate leseni ya kuwinda. Nenda kwenye mafunzo hayo hata kama umri unakusamehe. Wasomaji wa nyumbani mnajua kibali ndicho kinachotangulia, Tanzania chini ya sheria ya 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi. Kenya uwindaji wenyewe umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo huko .22 ni habari ya uwanja wa shabaha.

Na nyumbani: kabati la chuma, ufunguo ukae na mtu mzima, risasi mahali pengine. Mke wangu aliweka sharti hilo kabla sijanunua hata ya kwanza, na alikuwa na haki. Usidharau .22 kwa udogo wake. Boksi la risasi lenyewe limeandikwa kwamba inaweza kufika maili moja na nusu. Kindi aliye juu ya tawi na nyuma yake ni mbingu tupu, huyo mwache.

Nirudi kwenye risasi, maana hapa ndipo pesa yangu ilipofanya kazi kuliko popote. Nilinunua aina sita, boksi moja moja la risasi 50. Nikachagua asubuhi isiyo na upepo, nikajaza mchele kwenye soksi mbili za kazini kuwa mito ya kuegemeza, nikaanza kwa yadi 50. Kila aina nilipiga kumi za kwanza bila kuzihesabu, kwa sababu risasi hizi zina nta au grisi, na mtutu unahitaji kuizoea ya aina mpya kabla haujasema ukweli. Kisha matano, matano, matano, kila kundi kwenye duara lake, jina nimeliandika kwa kalamu pembeni.

Za kasi kubwa, zilizo na bei ya chini, zilitawanyika. Hilo lina sababu. Zinatoka mdomoni zikiwa juu ya kasi ya sauti, ambayo ni kama mita 340 kwa sekunde, na njiani zinashuka chini yake. Pale zinapovuka, zinatikisika. Zinazoanza chini ya kasi hiyo hazipiti msukosuko huo, na hata mlio wake ni laini. CCI ya kasi ya kawaida iliweka matano ndani ya duara la sarafu ya senti 25, na nilikuwa naweza kuishia hapo kwa amani. Halafu nikafungua SK Standard Plus, ya Ujerumani. Zinanata vidoleni, zina harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Nilipotembea kwenda kwenye karatasi, kwenye duara la kwanza niliona tundu moja tu lenye kingo zilizochanika, nikadhani nne zimepotea. Nikaligusa kwa kidole. Zilikuwa zote tano humo.

Baada ya jaribio hilo osha mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote, ni madini ya risasi (lead) hayo unayoyashika.

Ukipata aina unayoitaka, tazama upande wa boksi kuna namba ya toleo. Aina moja, toleo tofauti, inaweza kupiga tofauti kidogo. Mimi niliinakili namba ile kwenye simu, nikazunguka maduka matatu siku ile ile. La tatu walikuwa na katoni tano za maboksi kumi kumi, zote za namba hiyo. Sikuwa na pesa ya kutosha, nikachukua mbili, na wiki iliyofuata nilipolipwa nikarudi. Ilikuwa imebaki moja. Nikaichukua na hiyo.