Kiti cha Mwisho Hakina Kosa: Ukae Wapi Kwenye Meza ya Blekijeki

Watu wakishajua kwamba niliwahi kuwa dila, yaani mgawa karata, wa kasino hapa Dar, swali lao huwa ni moja: "Dada, nikae kiti gani?" Hawaulizi meza inalipaje, wala dau la chini ni shilingi ngapi. Wanauliza kiti. Jibu langu huwaudhi kidogo, kwa sababu kwa upande wa pesa yako, kaa unapopenda. Lakini kuna mambo kadhaa yanayoambatana na kiti ambayo ni ya kweli, na mengi yanayosemwa ambayo si ya kweli, kwa hiyo nitayaeleza yote hapa nisiulizwe tena kwenye harusi za watu.

Kwa ambaye hajawahi kukaa, meza ni nusu duara. Dila yuko upande ulionyooka, wachezaji wameuzunguka ule mviringo, na mara nyingi kuna boksi 7 za kuwekea dau. Karata huanza kugawiwa kushoto kwa dila na kuzunguka mpaka kulia kwake. Boksi la kwanza linaamua kwanza, la mwisho linaamua mwisho, halafu dila anacheza mkono wake. Yeye hana hiari: akiwa chini ya 17 lazima avute, akifika 17 anasimama, yaani hachukui karata tena. Wewe unataka kumzidi kwa jumla ya karata bila kupita 21, na ukipita umebasti, dau limekwenda hata kama naye atabasti baadaye.

Nilipofanya kazi tulicheza kwa mtindo wa Ulaya. Dila anajipa karata moja tu ya wazi, na ya pili haivuti mpaka wachezaji wote wamalize. Marekani kwa kawaida anajipa mbili tangu mwanzo, moja wazi na moja imelala. Huu mtindo wa Ulaya ndio umekipa kiti cha mwisho sifa mbaya, kwa sababu aliyekaa pale akichukua karata au akiacha, ni kama anamchagulia dila mkono wake wote.

Basi picha ni hii. Dila ameonyesha 6, karata ambayo kila mchezaji anaiombea kwa kuwa nayo dila hubasti mara nyingi. Meza nzima imesimama. Kiti cha mwisho kuna kijana ana 12, anagonga meza, anataka moja. Anapata 10, amebasti. Dila anavuta 10, anakuwa na 16, anavuta tena, 5. Ishirini na moja. Hapo utasikia maneno! "Kaka, umechukua karata ya dila!" "Huyu ana mkosi, tangu akae hatujashinda." Nimeona watu wazima, wenye heshima zao, wakibeba chipu, vile vidude vya kuwekea dau, na kuhamia meza nyingine kumkimbia mtu mmoja. Nimeona pia mzee mmoja akijitolea kumlipa kijana ili tu ahame kiti.

Sasa chukua karatasi tufanye hesabu, ni fupi. Tuseme kwenye kasha la kugawia zimebaki karata tatu tu: 10, 10 na 5. Zinaweza kupangika kwa namna tatu, na hakuna anayejua ni ipi. Dila ana 6, kijana ana 12.

Zikiwa zimepangwa 10, 10, 5: kijana akisimama, dila anavuta 10 na 10, ana 26, amebasti, meza inashangilia. Kijana akichukua, ndiyo ile balaa niliyoisimulia. Zikiwa 10, 5, 10: dila anafika 21 kwa vyovyote vile. Zikiwa 5, 10, 10: kijana akisimama, dila anavuta 5 na 10, ana 21, meza imelia. Lakini kijana akichukua ile 5, yeye anakuwa na 17, na dila anavuta 10 na 10, amebasti. Kijana ameokoa meza nzima.

Hesabu sasa. Kijana akisimama, dila anabasti katika mpangilio mmoja kati ya mitatu. Kijana akichukua, dila anabasti katika mpangilio mmoja kati ya mitatu. Ni ileile. Kilichobadilika ni mpangilio gani, na huo hakuna macho yaliyouona. Ongeza karata mpaka ujaze kasha la pakiti sita, jibu halibadiliki. Kuchukua 12 mbele ya 6 ni uamuzi mbaya, sikatai, ila ubaya wake unaishia kwenye mfuko wa aliyechukua.

Mbona basi kila mtu anaapa kwamba kiti cha mwisho kinaharibu? Kwa sababu ule mpangilio wa tatu hakuna anayeutaja. Katika miaka yangu yote nyuma ya meza sikuwahi kusikia mtu akisema, "Asante kaka, umetuokoa kwa kucheza vibaya." Wanakusanya chipu zao kimya, kana kwamba ni haki yao.

Jambo hili si geni. Mwaka 1956 wanajeshi wanne wa Marekani waliokuwa kituo cha jeshi cha Aberdeen Proving Ground, Maryland, yaani Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walichapisha hesabu ya namna bora ya kucheza kila mkono, na waliifanya kwa mashine za mezani za kujumlishia. Jedwali linalotumika leo limetokana na kazi ya aina hiyo. Ukilitazama utakuta vitu viwili tu vya kuangalia: karata zako na karata ya wazi ya dila. Hakuna safu ya namba ya kiti.

Wapo ambao kiti kwao kina maana, nao ni wanaohesabu karata, yaani wanaofuatilia zilizokwisha kutoka, ile mbinu ambayo mwanahisabati Edward Thorp aliitangaza kwa kitabu mwaka 1962. Anayekaa mwisho anaona karata za wenzake wote kabla ya kuamua, kwa hiyo hesabu yake ni mpya zaidi. Faida yenyewe ni ndogo, na meza ikiwa na mashine ya kuchanganya mfululizo, ambapo karata zilizotumika zinarudishwa humo humo, hakuna cha kuhesabu. Tena, tuambiane ukweli, wengi walioniambia wanahesabu karata walikuwa wanahesabu bia.

Kuna kiti kimoja chenye mamlaka ya kweli, nacho ni chochote ambacho mwenzako ameweka dau nyuma yake. Kwenye mtindo wa Ulaya mtu asiye na kiti anaweza kuweka chipu zake kwenye boksi lako, na mwenye boksi ndiye anayeamua. Kwa hiyo kama huna kiti na unataka kucheza, usitafute boksi lenye bahati. Tazama mikono michache, tafuta anayecheza kwa utaratibu, aliyetulia, asiyeongeza dau kwa hasira. Na kama ni wewe uliyekaa, usikubali presha ya aliye nyuma yako. Anaweza kushauri, lakini mkono ni wako.

Jambo la pesa hasa ni viti vingapi vina watu. Meza iliyojaa inacheza raundi kama 60 kwa saa. Ukiwa peke yako na dila, raundi 200 zinafika bila wewe kujua. Tuseme unaweka 10,000 kila raundi, na kasino ina faida ya asilimia 1 juu yako. Kwenye meza iliyojaa umezungusha 600,000 kwa saa, na kwa wastani imekugharimu 6,000. Ukiwa peke yako umezungusha milioni 2, imekugharimu 20,000. Watu wanakimbilia meza tupu wakidhani wamepata nafasi ya kupumua! Kama umekuja kupitisha jioni, kaa penye watu wengi. Ukichukua na boksi la pili "kubadilisha mkondo wa karata," ujue umeongeza dau tu.

Halafu soma maandishi kwenye kitambaa. Mkono uitwao blekijeki, yaani ree na karata ya thamani ya kumi kwa mkupuo, hulipwa 3 kwa 2 kwenye meza nzuri: dau la 10,000 linakuletea 15,000. Kwenye meza ya 6 kwa 5 unapata 12,000. Mkono huo huja takriban mara moja katika kila mikono 21, na hiyo 3,000 inayopungua kila mara inaiongezea kasino karibu asilimia 1.4. Hapo ndipo pa kuwa mkali, uhame meza.

Ukiwa mgeni, kaa katikati. Sababu haihusu bahati. Boksi la kwanza linaharakishwa, kwa maana dila akimaliza kugawa anakutazama wewe, hujajumlisha hata karata zako. La mwisho utalaumiwa, na mgeni akilaumiwa anaanza kucheza anavyotaka meza badala ya anavyotaka jedwali. Katikati unapata muda wa kuona wengine wanafanya nini, na hakuna anayekukumbuka.

Kama limebaki boksi la mwisho tu, keti bila wasiwasi, na maneno yakizidi mwambie dila kwa sauti ya kawaida, naye atamwita inspekta, yaani msimamizi wa meza, ndiyo kazi yake. Ila uamuzi wako uonyeshe kwa mkono: gonga meza kuchukua, pitisha kiganja juu ya karata kusimama. Ukisema kwa mdomo tu na ugomvi ukatokea, inspekta ataangalia kamera, na kwa kamera kinachohesabika ni ishara ya mkono wako.