Antena tatu kwenye skana moja, mbona sauti inapungua?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Nzuguni hapa Dodoma, nina skana ya mkononi (redio ya kusikilizia mawasiliano) na napenda sana mambo ya ndege. Ndege ikiwa juu naisikia vizuri ila mtu wa uwanjani anaemjibu napata shhhh tu. Nikachukua antena ya zamani ya TV iliyoko juu ya bati, na waya wa shaba kama mita kumi nimeufunga kwenye mwarobaini, nikaziunga zote na ile fimbo ya skana yenyewe kwa splita ya njia tatu (kile kidude cha kuunganishia kebo), nikijua zitavuta mara tatu. Saivi hata ndege nyingine zimepotea. Nifanyeje zisaidiane?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Hili swali naletewa sana na nafurahi umeuliza kabla hujanunua antena ya nne. Mawimbi hayajumlishwi kama hela mfukoni. Chukulia gari limenasa kwenye tope la Bahi, mkihesabu moja mbili tatu mkasukuma pamoja linatoka, ila mwenzako akiwa mbele analisukuma kurudi nyuma wakati we unalisukuma kwenda mbele, jasho litawatoka wote na gari liko palepale. Ndege wanaongea kati ya 118 na 137 MHz, kwenye 125 wimbi moja lina urefu wa mita 2.4, kwahiyo likifika antena moja limechelewa mita 1.2 kuliko nyingine yanauana yenyewe kwa yenyewe. Kwenye kebo linaenda taratibu zaidi, kebo moja ya RG58 (ile nyembamba ya antena) ikizidi mwenzake sentimita 80 tu imetosha kuharibu. Na ndege inatembea, sasa hivi mawimbi yanasaidiana, dakika mbili mbele yanauana, ndo maana nyingine zinakupotea.

Alafu kuna splita yenyewe. Antena moja ikisikia na mbili zikawa hazina kitu, splita ya njia tatu inakuachia kama theluthi ya ile nguvu, na hizo mbili zinakuletea kelele juu yake. Na hizo mbili kwa kweli hazina kitu: antena ya TV imelala wakati mawimbi ya ndege yamesimama wima, na vijiti vyake vimekatwa kwa ajili ya masafa ya TV ambayo ni ya juu zaidi. Waya wa mwarobaini usiutupe, unafaa sana redio ya masafa mafupi usiku, ila sio hapa.

Unachokosa we ni kimo. Ndege ikiwa mita 10,000 juu mawimbi yake yanaweza kufika hata kilomita 400 bila kuzuiwa, ila huyo wa uwanjani antena yake iko chini, kati yenu kuna majumba na vilima vya mawe, na we uko ndani chini ya bati. Tengeneza antena moja tu: waya mnene wa shaba wa kufanyia wayaringi, sentimita 57, usimamishe wima kwenye kati ya soketi ya kebo, alafu nne za sentimita 60 zitoke kwenye ganda la soketi zikiinama chini kama miavuli. Ipandishe kwenye bomba ipite paa kwa mita tatu nne, mbali kabisa na nyaya za umeme, na radi zikianza chomoa kebo. Kebo tumia ile ya dishi, RG6, wala usihofie kwamba ni ya ohm 75 badala ya 50 ya skana, maana RG58 mita 30 inakula zaidi ya nusu ya nguvu na hii inakula kidogo kuliko hiyo.

Kuunga antena kunafanya kazi zikiwa mbili za aina moja, kebo sawasawa kwa urefu, zote wima, na hapo faida ya juu kabisa ni nguvu mara mbili, ambayo kwa sikio sio kubwa kihivyo. Zikiwa za masafa tofauti weka daipleksa inayotenganisha masafa, au swichi ya kuchagua moja moja, mi ningechukua swichi.

Na pita TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) Kanda ya Kati wapo hapahapa mjini, uulize kinachoruhusiwa kusikilizwa kabla hujapandisha bomba.

SWALI: Fundi, nikiweka busta ya TV si itamaliza tatizo? Nina sola. (Msomaji, Kongwa)

JIBU: Kaka, busta inakuza na kelele pia, na ukiwa karibu na mnara wa FM inaizidi skana nguvu kabisa. Kwanza zima inveta ya sola, taa za LED na chaja zote, usikilize kwa betri. Shhhh ikipungua, adui yuko humo ndani.