Kabla Mzee Hajatia Dole Gumba

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Pangani aliniandikia kuuliza kama ni salama kwa baba yake, ambaye macho yake yamedhoofu, kumpa mjukuu hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya kisheria ya kumruhusu mtu atende kwa niaba yako, ili amfuatilie mambo ya benki na ya shamba. Nilimjibu kwamba hati yenyewe haina ubaya, ila aichunguze imeruhusu mangapi.

Shangazi yangu wa Ngamiani, hapa Tanga, aliambiwa na ndugu yetu mmoja kwamba karatasi anayoitia dole gumba ni ya kukusanyia kodi za wapangaji. Nilipoisoma nilikuta imempa ndugu huyo mamlaka ya kuuza, kuweka rehani na hata kugawa mali zote za shangazi, zinazohamishika na zisizohamishika. Mpangaji ndiye aliyetushtua, baada ya kuona wageni wakipima uwanja.

Niliisimamia mwenyewe kazi ya kuifuta hati ile, na nyumba haikuuzwa. Mwenye mali akiwa na akili timamu anaweza, kwa kawaida, kumwondolea mwakilishi wake mamlaka. Lakini kuifuta hati kimyakimya hakutoshi, kwa kuwa asiyejua kwamba imefutwa anaweza kuendelea kufanya biashara na mwakilishi yule. Kwa hiyo shangazi alimwandikia ndugu huyo, benki, wapangaji na serikali ya mtaa, kisha akapeleka ufutaji kwa Msajili wa Hati na kuomba zuio juu ya kiwanja, ili kisihamishiwe mtu mwingine. Wapo katika ukoo ambao mpaka leo hawaitikii salamu yangu, wakidai nimemwaibisha mtoto wa watu. Na wasiitikie.

Ninyi mnaojitahidi kuwatunza wazazi, acheni kuona haya kuuliza. Hati itaje kazi moja, mali moja na tarehe ya ukomo. Kama ni ya kodi, iseme kodi, na iseme wazi kwamba kuuza hakuruhusiwi. Mjue pia kwamba mamlaka hayo hukoma mzee anapofariki au anapopoteza akili. Anayeendelea kutoa fedha baada ya mazishi kwa hati ileile hana haki hiyo, kwani hapo anahitajika msimamizi wa mirathi, yaani anayeteuliwa kushughulikia mali ya marehemu.

Kwa ndugu yangu wa Pangani: mwanasheria wa kuiandika hati mchague wewe na mzee, asichaguliwe na mjukuu. Mzee asomewe kila kifungu kwa Kiswahili, mjukuu akiwa nje. Ada ikiwashinda, watafuteni wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambao ushauri wao hautozwi malipo.